Kutangulia Si Kufika: Mechi za Kutoana za Kombe la Dunia la Mwaka 1966

Mkulima aliyekosa mavuno ya masika huweza kujipa moyo, akapanda tena wakati wa vuli. Ndivyo ilivyo kwa timu ya mpira katika michezo ya makundi: ikishindwa leo, yaweza kushinda keshokutwa ikaokoka. Lakini katika michezo ya kutoana hakuna vuli. Mvua ni moja, shamba ni moja, na muda wa kuvuna ni dakika 90 tu. Anayeshindwa hufunga mizigo yake akarudi kwao, hata akiwa bingwa anayeogopwa na mataifa yote.

Jambo hilo lilionekana wazi katika mashindano ya Kombe la Dunia yaliyofanywa Uingereza mwezi wa Julai, 1966. Timu 16 ziligawanywa katika makundi manne, na kila kundi likatoa timu mbili. Brazil, waliokuwa wamelichukua kombe mara mbili mfululizo, mwaka 1958 na 1962, walitolewa mapema. Italia nao walirudi nyumbani kwa aibu, wakapokewa na watu wenye hasira waliowatupia nyanya. Zikabaki timu nane, na zote zilicheza robo fainali siku moja na saa moja, alasiri ya Jumamosi tarehe 23 Julai, katika miji minne: London, Liverpool, Sheffield na Sunderland.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba sheria za siku hizo zilikuwa kali kuliko zilizofuata baadaye. Mchezaji akiumia hapakuwa na ruhusa ya kumwingiza mwingine mahali pake. Ama aliendelea kuchechemea, ama wenzake walicheza kumi. Tena hapakuwa na desturi ya kuamua mshindi kwa kupigiana penalti. Timu zikitoka sare baada ya dakika 90, ziliongezwa nusu saa ya ziada. Kwa hiyo kila mchezaji aliingia uwanjani akijua kwamba kosa lake moja laweza kuimaliza safari ya taifa zima.

NAFASI MOJA KWA MABARA MATATU

Kabla ya kuzitazama mechi zenyewe, ni lazima kutaja wale ambao hawakuwapo. Katika timu zile 16 hapakuwa na hata moja iliyotoka Afrika.

Sababu yake haikuwa udhaifu wa wachezaji. Mwaka 1964, Shirikisho la Mpira la Dunia, FIFA, liligawanya nafasi za mashindano. Ulaya ilipata nafasi kumi, wakihesabiwa Waingereza waliokuwa wenyeji. Amerika ya Kusini ilipata nne, wakihesabiwa Brazil waliokuwa mabingwa. Amerika ya Kaskazini na ya Kati pamoja na visiwa vya Karibi zilipata moja. Ikabaki nafasi moja tu, nayo ikawekwa kwa ajili ya Afrika, Asia na Oshenia, mabara matatu kwa pamoja. Bingwa wa Afrika, baada ya kuwashinda ndugu zake wote, alitakiwa akashindane tena na bingwa wa upande wa Asia, ndipo mmoja wao apate tiketi ya kwenda Uingereza.

Viongozi wa mpira wa Afrika waliona kwamba huko si kugawana bali ni kunyimwa. Ohene Djan wa Ghana, aliyekuwa mjumbe katika halmashauri ya FIFA, alipinga kwa nguvu, na Rais Kwame Nkrumah akamwunga mkono. Tessema Yidnekatchew wa Ethiopia naye alikuwa miongoni mwa waliosimama imara. Walipoona kwamba shauri lao halisikilizwi, nchi za Afrika zilizokuwa zimejiandikisha zilijitoa zote. Zilichagua kukaa nje zikiwa na heshima kuliko kuingia kwa mlango wa nyuma.

Korea ya Kusini nayo ilijitoa. Basi katika ile nafasi moja ya mabara matatu walibaki wawili tu, Korea ya Kaskazini na Australia. Timu hizo zilikutana Phnom Penh, nchini Kambodia, mwezi wa Novemba, 1965, na Wakorea wakashinda mara mbili, 6-1 na 3-1. Hivyo ndivyo watu wa nchi ambayo Waulaya wengi hawakujua lolote juu ya mpira wake walivyofika Uingereza.

DAKIKA 25 ZA LIVERPOOL

Wakorea walianza vibaya. Warusi waliwafunga 3-0. Kisha wakatoka sare na Chile, 1-1. Lakini tarehe 19 Julai, mjini Middlesbrough, walifanya jambo lililoushangaza ulimwengu: waliwashinda Italia kwa bao moja la Pak Doo-ik. Ni kweli kwamba Italia walicheza sehemu kubwa ya mchezo wakiwa kumi kwa sababu mwenzao Bulgarelli aliumia. Lakini bao ni bao. Watu wa Middlesbrough, ambao wakati huo walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya chuma na bandari, waliwapenda wageni hao wafupi wenye mbio nyingi, na wengi wao walisafiri mpaka Liverpool kwenda kuwashangilia katika robo fainali.

Huko Liverpool, katika uwanja wa Goodison Park, waliwakuta Wareno. Ureno nayo ilikuwa inaingia mashindano haya kwa mara ya kwanza, lakini ilikuwa imewashinda Hungaria, Bulgaria na Brazil, na kufunga mabao tisa katika michezo mitatu. Wengi walidhani kwamba Wakorea wamefika mwisho wa bahati yao.

Kabla ya dakika ya kwanza kwisha, Pak Seung-zin alipiga mkwaju kutoka mbali kidogo na mpira ukatua wavuni. Watazamaji zaidi ya 40,000 walipiga kelele. Katika dakika ya 22, Li Dong-woon akafunga la pili. Dakika tatu baadaye Yang Seung-kook akafunga la tatu. Mchezo ulikuwa umepita kidogo tu nusu ya kipindi cha kwanza, na Wareno walikuwa nyuma kwa mabao matatu kwa bila.

Hapo ndipo mechi ya kutoana humpima mtu. Timu iliyotangulia hivyo ina njia mbili. Yaweza kutulia, ikalinda ilicho nacho, ikamwacha mwenzake ahangaike na saa. Au yaweza kuendelea kushambulia kama mwanzo. Wakorea walichagua njia ya pili. Waliendelea kukimbilia goli la wenzao kana kwamba mambo bado ni sare, na nyuma yao ukabaki uwanja mpana usio na mlinzi. Katika uwanja huo mpana alikuwapo mtu mmoja ambaye hakupaswa kamwe kuachiwa nafasi.

KIJANA WA MAFALALA

Mtu huyo alikuwa Eusébio da Silva Ferreira. Alizaliwa tarehe 25 Januari, 1942, katika mtaa wa Mafalala, mjini Lourenço Marques, mji mkuu wa Msumbiji ambao tangu mwaka 1976 huitwa Maputo. Mafalala ulikuwa mtaa wa Waafrika, wenye nyumba za mbao na mabati. Baba yake, aliyetoka Angola na kufanya kazi ya reli, alifariki Eusébio akiwa bado mtoto mdogo, na mama yake, Elisa, akabaki kumlea yeye na ndugu zake. Mpira alijifunza miguu mitupu, kwa mipira iliyosokotwa kwa matambara na soksi kuukuu. Mwezi wa Desemba, 1960, akiwa na umri wa miaka 18, alikwenda Lisbon kujiunga na klabu ya Benfica. Mwaka 1962 alifunga mabao mawili katika fainali ya Kombe la Ulaya, Benfica ilipowashinda Real Madrid 5-3, na mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Ulaya.

Hakuwa peke yake. Kapteni wa Ureno siku ile, Mário Coluna, alikuwa mzaliwa wa Msumbiji. Vilevile mabeki wawili, Vicente na Hilário. Kwa hiyo katika watu 11 waliovaa jezi ya Ureno pale Goodison Park, wanne walikuwa wamezaliwa katika ardhi ya Afrika. Msumbiji wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Ureno, na vita vya kudai uhuru vilikuwa vimekwisha kuanza huko tangu mwezi wa Septemba, 1964. Afrika, basi, haikuwa na timu Uingereza, lakini wana wa Afrika walikuwapo, wakicheza chini ya bendera ya watu wengine. Na mbele yao walisimama Wakorea, waliokalia ile nafasi moja ambayo Afrika ilikataa kuigombea.

Katika dakika ya 27, Eusébio alipenya katikati ya mabeki akafunga. Hakucheza ngoma wala hakungoja kukumbatiwa. Aliingia ndani ya goli, akauokota mpira, akakimbia nao mpaka katikati ya uwanja ili mchezo uanze upesi. Kitendo hicho kidogo kiliwaambia wenzake mengi kuliko hotuba ya mwalimu wao. Kabla ya mapumziko, Torres aliangushwa ndani ya eneo la hatari, na Eusébio akafunga kwa penalti. Ikawa 3-2.

Kipindi cha pili kilipoanza, Wakorea walikuwa bado wako mbele, lakini miguu yao ilikuwa imeanza kuwa mizito. Dakika ya 56 Eusébio alisawazisha. Dakika chache baadaye aliuchukua mpira upande wa kushoto, akawakimbia walinzi mmoja baada ya mwingine, mpaka wakamkata miguu karibu na goli. Alianguka akiwa na maumivu. Kisha akainuka, akauweka mpira mahali pa penalti, akafunga bao lake la nne. Zilipobaki dakika kumi, José Augusto alimalizia kwa kichwa baada ya mpira wa kona. Ureno 5, Korea ya Kaskazini 3.

Waswahili husema, kutangulia si kufika. Wakorea hawakushindwa kwa uoga. Walishindwa kwa sababu hawakujua la kufanya na utajiri walioupata ghafula. Hata hivyo walipoondoka uwanjani walipigiwa makofi na watu wote. Walikuwa wamethibitisha jambo moja ambalo wakubwa wa mpira walilitilia shaka: kwamba watu wa mabara yaliyodharauliwa wanaweza kusimama na yeyote.

KAPTENI ALIYEKATAA KUTOKA

Saa ile ile, huko Wembley, London, Waingereza walikuwa wanacheza na Argentina, na mambo yalikuwa machungu. Refa alikuwa Mjerumani, Rudolf Kreitlein. Katika dakika ya 35 alimwamuru kapteni wa Argentina, Antonio Rattín, atoke nje kwa sababu ya kubishana naye. Rattín hakujua Kijerumani, na refa hakujua Kihispania. Kapteni huyo alikataa kutoka, akadai aletewe mkalimani, na mchezo ukasimama kwa dakika kadhaa mpaka alipokubali kuondoka. Argentina walijilinda kwa ushujaa wakiwa kumi, lakini katika dakika ya 78 Geoff Hurst aliupiga kwa kichwa mpira ulioletwa na Martin Peters, akafunga bao pekee la mchezo. Mchezo ulipokwisha, mwalimu wa Uingereza, Alf Ramsey, aliwazuia vijana wake wasibadilishane jezi na wapinzani wao.

Mjini Sheffield, Ujerumani ya Magharibi iliishinda Uruguay 4-0, na refa aliyekuwa Mwingereza, Jim Finney, aliwatoa nje Waruguay wawili. Watu wa Amerika ya Kusini walilalamika sana: Mjerumani amewaamua Waingereza, na Mwingereza amewaamua Wajerumani, na wote wawili wamepita! Hakuna aliyethibitisha hila yoyote. Lakini hakimu hapaswi kuwa mwadilifu tu. Yapasa pia watu waone kwamba ni mwadilifu.

Machafuko ya Wembley yalizaa jambo jema. Ken Aston, Mwingereza aliyewasimamia marefa katika mashindano hayo, alikuwa akiendesha gari mjini London huku akiwaza namna ya kumwonya mchezaji bila kuhitaji lugha. Akaona taa za barabarani zikibadilika: rangi ya manjano ya kutahadharisha, na nyekundu ya kusimamisha. Kutokana na wazo hilo zikapatikana kadi ya manjano na kadi nyekundu, ambazo zilitumiwa kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico, mwaka 1970. Leo hata mtoto wa shule anayecheza katika uwanja wa kijijini anajua maana yake.

MACHOZI YA WEMBLEY

Robo fainali ya nne ilichezwa Sunderland, na Warusi waliwatoa Hungaria 2-1. Zikabaki timu nne. Tarehe 25 Julai Wajerumani waliwashinda Warusi 2-1. Siku iliyofuata, Waingereza na Wareno walikutana Wembley mbele ya watu zaidi ya 90,000.

Waingereza walikuwa wameyatazama kwa makini yale yaliyowapata Wakorea. Walimpa Nobby Stiles, mtu mfupi mwenye bidii isiyokwisha, kazi ya kumfuata Eusébio kila alipokwenda na kumnyima nafasi ya kugeuka. Stiles aliifanya kazi hiyo vizuri. Bobby Charlton akafunga bao katika dakika ya 30 na jingine katika dakika ya 80. Dakika mbili baadaye, Jack Charlton, ndugu yake Bobby, aliuzuia mpira kwa mkono mbele ya goli, na Eusébio akafunga penalti. Ilikuwa mara ya kwanza kwa golikipa Gordon Banks kufungwa katika mashindano hayo. Lakini muda ulikuwa umekwisha. England 2, Ureno 1.

Eusébio alitoka uwanjani akilia, akijifuta machozi kwa jezi yake. Hadi leo Wareno huuita mchezo huo mchezo wa machozi. Siku mbili baadaye alijikaza, akamfunga kwa penalti golikipa mashuhuri wa Urusi, Lev Yashin, na Ureno ikapata nafasi ya tatu kwa ushindi wa 2-1. Alimaliza mashindano akiwa na mabao tisa, kuliko mchezaji mwingine yeyote.

Fainali ilichezwa tarehe 30 Julai. Wajerumani walisawazisha katika dakika ya mwisho kabisa, ikawa 2-2. Katika muda wa ziada Hurst alipiga mkwaju uliogonga mwamba wa juu, ukaanguka chini na kutoka. Je, mpira ulivuka mstari? Refa Gottfried Dienst wa Uswisi alikwenda kumwuliza mshika kibendera wake, Tofiq Bahramov, mtu wa Azerbaijan katika Muungano wa Sovieti, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ni bao. Ubishi wa bao hilo haujaisha mpaka leo. Hurst akaongeza jingine mwishoni, na Waingereza wakalichukua kombe kwa 4-2.

NAFASI ILIYODAIWA

Waingereza walipata kombe, lakini Afrika nayo ilipata ilichokidai. Baada ya kujitoa kule, FIFA ilikubali kuipa Afrika nafasi yake kamili, na mwaka 1970 Morocco ilikwenda Mexico ikiwa mwakilishi wa bara zima. Mwaka 1978 Tunisia iliishinda Mexico 3-1, huo ukiwa ushindi wa kwanza wa timu ya Afrika katika Kombe la Dunia. Mwaka 1986 Morocco ilikuwa ya kwanza kuvuka makundi na kufika mechi za kutoana. Mwaka 1990 Cameroon ilifika robo fainali, ikawa mbele ya Waingereza kwa 2-1 zikiwa zimebaki dakika chache, kisha ikashindwa 3-2 kwa penalti mbili za Gary Lineker. Senegal ilifika hapo hapo mwaka 2002. Mwaka 2010 Ghana ilikosa nusu fainali kwa upana wa mwamba wa goli, pale penalti ya Asamoah Gyan ilipougonga katika dakika ya mwisho ya mchezo na Uruguay. Mara tatu Afrika ilitangulia au ilikaribia, na mara tatu haikufika.

Ndipo ikaja tarehe 10 Desemba, 2022, nchini Qatar. Katika robo fainali Morocco ilikutana na Ureno, nchi ile ile ambayo mwaka 1966 ilibebwa na mabega ya vijana wa Msumbiji. Youssef En-Nesyri aliruka juu kuliko golikipa, akafunga kwa kichwa katika dakika ya 42. Kipindi chote cha pili Wareno walishambulia, lakini Wamorocco hawakurudia kosa la Wakorea. Walikilinda kile kimoja walichokipata kama mkulima alindavyo ghala yake wakati wa njaa, hata walipobaki kumi uwanjani katika dakika za mwisho. Mchezo ulikwisha 1-0, na kwa mara ya kwanza timu ya Afrika ikaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Eusébio hakuishi kuyaona hayo. Alifariki Lisbon tarehe 5 Januari, 2014, na mwaka uliofuata mwili wake ukahamishwa katika jengo wanamozikwa mashujaa wa Ureno. Kapteni wake, Coluna, alirudi Msumbiji baada ya uhuru, akautumikia mpira wa nchi yake, akafariki Maputo mwezi wa Februari mwaka ule ule wa 2014. Mmoja amelala Ureno, mwingine Msumbiji. Miaka 56 ilipita kati ya Goodison Park na Qatar, na katika muda huo wachezaji wa Afrika walipata kile ambacho Eusébio na Coluna hawakuwa nacho katika siku zao bora: jezi ya nchi yao wenyewe.